Kifuko Hakizungumzi na Shoferi

Masika mwanangu,

Kosa ni lako. Leo saa kumi ya alasiri ulinipa kile kifuko cheupe nikiweke chini ya mdomo, ukaniambia, "Papa, onja tu, iko kama bombo ya kunyonya," na sasa nyumba nzima imelala, mbwa wa jirani wamechoka kubweka, na mimi peke yangu nimebaki nikihesabu misumari ya dari. Mama yako amenifukuza kitandani kwa sababu nilikuwa nageukageuka na kumsimulia bei ya matairi. Nimewasha taa ya sola, nimekaa mezani karibu na begi lako. Kwa kuwa wewe ndiye uliyeninyima usingizi, wewe ndiye utakayesoma.

Sitakuandikia habari za sabuni, wala chandarua, wala wale watu wa bandarini wanaobeba mizigo ya wenzao bila kuulizwa. Mama yako ameshakwambia hayo wiki nzima, na kesho kabla boti ya kukupeleka kwenye masomo yako ya ukunga haijang'oa nanga atayarudia tena kwa sauti ambayo Bukavu wataisikia kabla hujafika. Mimi nataka kusema juu ya kikopo kile cha duara ulichokiweka kwenye mfuko wa pembeni, karibu na rozari ya bibi yako. Usihofu, sikukitoa. Kipo palepale.

Kwanza nikushukuru. Ungeweza kukificha. Vijana wengi wanakuja pale kwado yangu na vitu mdomoni, wakidhani mtu anayeziba matairi haoni ila matairi. Wewe ulikuja na kikopo mkononi, ukakiweka juu ya benchi kati ya nyundo na pampu, ukanieleza waziwazi kwamba binamu yako Kakule amekileta kutoka Kampala, kwamba ndani hamna tumbaku, ni kafeini tu, ile iliyomo ndani ya kahawa, na kwamba ndicho kilichokusaidia kusoma kwa ajili ya mtihani wa serikali.

"Papa," ukasema, "kule Bukavu banasema stage ya maternité, ile ya kujifunzia kazi, iko usiku mingi. Bamama banazala usiku. Nitafanya namna gani?"

"Na hii kitu njo itakufundisha kuzalisha?"

"Hapana. Itanisaidia tu nibakie macho."

Kisha ukaanza kucheka mwenyewe, ukanisimulia asubuhi ya mtihani: vifuko viwili kwa mpigo, na kikombe cha kahawa juu yake, na tumboni hamna hata kipande cha muhogo. Moyo ukaanza kukimbia mpaka ukausikia masikioni. Vidole vikatetemeka, ukaandika jina lako kama mtoto anayejifunza herufi. Ulicheka sana, ukaniigizia mkono wako ulivyokuwa ukiruka juu ya karatasi. Mimi niliinama kutafuta ufunguo wa boliti ambao haukuwa umepotea. Niliogopa, Masika. Nilitamani kukizamisha kile kikopo kwenye beseni la maji ninaloangalizia matundu ya matairi. Lakini nikikizamisha kimoja, Kakule ataleta viwili, na cha pili hutanionyesha.

Ndiyo maana nikasema nipe na mimi nionje. Ulidhani ni mzaha wa mzee. Nilitaka kujua kama ni kitu kilekile.

Ni kilekile, mwanangu. Kina ladha ya minti na kimeshonwa vizuri, lakini nilikitambua kabla sijamaliza kuziba tairi la kwanza. Mimi nilikuwa na kifuko changu kabla Kakule hajazaliwa, na nilikifunga mwenyewe kwa uzi.

Unajua kwamba babu yako alikuwa na kahawa kwenye milima ya nyuma ya Butembo. Kwetu kahawa haikuwa kinywaji cha wageni. Tuliianika uani, tuliitwanga, tulilala na harufu yake. Nilipoanza kuendesha lori, tulikuwa tunapeleka chumvi na maharage Vitshumbi, tunarudi Goma na samaki. Samaki hawana subira. Ukichelewa, mzigo unaoza na wenye mzigo wanakutukana mpaka ukoo. Basi tukawa tunaendesha bila kupumzika, na barabara ile tuliijua, mashimo yake yalikuwa na majina.

Kulikuwa na sheria moja kati yetu sisi mashoferi wa samaki, na konvoyeri wa kwanza, yaani utingo, niliyefanya naye kazi alinitamkia siku ya kwanza: kabini si kitanda. Anayekaa pembeni ya shoferi hana ruhusa ya kulala. Kazi yake ni kuongea. Akitaka kulala, apande juu, alale kwenye samaki. Hakuna aliyelipwa kwa kazi hiyo, ilikuwa ndiyo nauli ya kukaa mahali pazuri. Padri akipanda, anaongea. Askari akipanda, anaongea. Na kila baada ya kilima ni lazima amuulize shoferi, "Unasikia usingizi?" na shoferi ni lazima ajibu ukweli. Akisema ndiyo, lori linasimama, hata kama samaki wanalia.

Mama yako alikuwa mchuuzi wa samaki. Mara ya kwanza alipoingia kabini alikuwa na kapu mapajani, na hata salamu hakuimaliza akaanza kuniuliza maswali. Kile kilima kinaitwaje? Kwa nini unavaa shati lenye kifungo kimoja? Nyinyi watu wa Butembo mbona mnapenda biashara kuliko misa? Kila kona: "Shoferi, unasikia usingizi?" Nikisema hapana, hakuniamini, alinitazama machoni kwa pembeni. Watu wanadhani nilimwoa kwa uzuri. Uzuri upo, sikatai, lakini nilimwoa kwa mdomo wake. Nilifika Goma siku ile nikatamani barabara iongezwe.

Kwa miaka kadhaa tulisafiri hivyo. Wewe ulipozaliwa, ulibaki kwa bibi, na mama yako akaendelea kukaa pembeni yangu, na sikuwahi hata mara moja kugusa ukingo wa barabara.

Sasa sikiliza jinsi akili ya mtu inavyoweza kumgeuka. Nilikuwa nakunywa kahawa kama wote, lakini kahawa inataka kusimama, kuwasha moto, kutafuta choo. Siku moja nikachana kipande cha shuka kuukuu, nikaweka unga wa kahawa, nikafunga kwa uzi, nikakilowesha na kukisukuma kati ya ufizi na shavu. Wee! Niliona kama mtu amenifungulia dirisha kichwani. Barabara ilikuwa pana, mashimo yalikuwa madogo, na mimi nilikuwa shoferi bora kuliko wote waliowahi kuzaliwa. Nikamwambia konvoyeri nimepata dawa. Kwa hiyo Kakule asijidai na Kampala yake.

Mwanzo kifuko kimoja kilinitosha safari nzima. Baadaye kimoja kwenda na kimoja kurudi. Kisha nikawa nabadilisha kabla cha kwanza hakijaisha ladha. Nikifika nyumbani, mwili umekufa lakini macho hayakubali kufunga, nalala kidogo alfajiri, naamka nimechoka kuliko nilivyolala, naweka kingine. Jumapili nisipoweka, kichwa kinaniuma katikati ya misa mpaka naona mahubiri ni marefu kuliko dhambi zangu. Ufizi wa upande huu wa kushoto ulikuwa na kidonda ambacho hakikupona. Nikawa mkali. Nilimfokea konvoyeri kwa kufunga mlango. Mama yako alisema, "Hii kawa yako inakupa manguvu ya kugombana tu," nikamwambia yeye haelewi kazi.

Na sikujua kwamba nimechoka. Hapo ndipo ninapotaka ukae kidogo, Masika, usisome haraka. Mtu aliyechoka bila kahawa anajua kwamba amechoka, anapiga miayo, anasimama, anaosha uso. Mtu aliyechoka na kahawa anajiona mzima. Kahawa haiufukuzi usingizi. Inauambia tu ungoje nje, nao unangoja, haukasiriki wala hauondoki, na siku mlango ukifunguka kidogo unaingia wote kwa pamoja.

Habari ya ajali unaijua, umekua nayo humu ndani kama kiti kimojawapo cha nyumba. Ulikuwa unaanza shule ya msingi, na ulikuwa unamletea mama yako maji hospitalini kwa kikombe cha plastiki ukimwaga nusu njiani. Lakini unaijua kama habari ya lori. Nataka uijue kama habari ya kifuko.

Tulikuwa tunarudi. Ilikuwa asubuhi, jua limeshatoka, hata ukungu haukuwepo. Mama yako alikuwa amelinda samaki kule bandari ya Vitshumbi siku mbili na hakuwa amepumzika. Kichwa chake kilikuwa kinaanguka kifuani, anakiinua, kinaanguka. Hata hivyo bado alikuwa ananiuliza, maskini, sauti imeshalegea: "Papa Masika, unasikia usingizi?"

Nikamjibu, "Hapana. Niko na kawa. Weye lala."

Nilifikiri nampa zawadi. Nilifikiri ndiyo mapenzi hayo: mwanaume amepata dawa ya kumpumzisha mke wake. Nilimwekea koti langu chini ya kichwa. Kwa mara ya kwanza katika lori langu mtu alilala kabini, na niliona fahari. Niliweka kifuko kingine juu ya kile kilichokuwamo, moyo ukawa unapiga kama mashine ya kusaga, na nikaendelea kuteremka kutoka Kibumba. Tulipofika Kibati, jiji tunaliona, ziwa tunaliona, nyumbani nimeshafika kwa macho.

Sikufunga macho, Masika. Watu hawaniamini lakini ni kweli. Macho yalikuwa wazi na kahawa ilikuwa shavuni, na mimi sikuwepo. Kona ilikuja, niliiona, na hakukuwa na mtu ndani yangu wa kuzungusha usukani. Lori lilipanda juu ya mawe ya volkeno, likalala upande wa mama yako.

Waliomtoa walikuwa watu wa makala, wauza mkaa, waliokuwa wanapita na baiskeli zao za mbao. Mimi nilitoka bila mchubuko. Nilisimama pale katikati ya samaki waliomwagika, moyo bado unakimbia kwa ajili ya kile kitambaa, nguvu zimenijaa, na hakuna kitu cha kuzifanyia. Nilimsikia anaita jina lako. Hakuita langu.

Mguu ule unaouona, ule unaomfanya apande ngazi za kanisa upande upande, ndio huo. Ukimuuliza kama amenisamehe atakwambia ndiyo, na ni kweli. Ila akitaka kunilaumu ananilaumu, hasa siku za mvua mifupa ikiuma, na mimi nakaa kimya kwa sababu ni haki yake. Sikuendesha tena. Nikafungua kwado hapa Ndosho. Na hata kama barabara ile ya kaskazini siku hizi ingekuwa na amani, nisingeirudia.

Haya. Umesoma hadi hapa, labda unasema: Papa anataka niache. Ningefurahi ungeacha. Lakini sikio la kijana nalijua, nilikuwa nalo. Na usiku wa wodi ya wazazi ni wa kweli, siwezi kukudanganya kwamba watoto watasubiri kukuche. Kwa hiyo kama utakitumia, basi kitumie ukijua unachotumia. Mimi nilikuwa natia unga shukani kwa vidole bila kujua ni kiasi gani. Wewe angalau kikopo chako kimeandikwa.

Leo jioni, kabla hujafunga begi, nilikwenda nacho kwa yule infirmier, muuguzi wa kituo chetu cha afya, yule mrefu anayeniletea pikipiki yake. Hakuwahi kukiona, lakini alikaa akasoma nyuma ya kikopo kwa miwani, akatafuta na kwenye simu. Akasema kafeini ni kafeini, iwe kikombeni au chini ya mdomo, na kosa la watu ni kuhesabu vifuko tu na kusahau vingine vyote: kahawa ya asubuhi, chai, soda ya koka, na zile chupa za vinywaji vya nguvu ambazo nyinyi vijana mnakunywa kama maji. Vyote vinaingia katika moyo mmoja. Alisema mtu mzima mwenye afya asipite miligramu mia nne kwa siku kwa jumla, na wapo wanaotetemeka kwa robo ya hizo. Vyako vina mia kila kimoja. Sasa rudi kwenye asubuhi ile ya mtihani uone ulikuwa wapi, tena bila kula. Kimoja, Masika, na uwe umekula, na maji pembeni. Kisha ungoje uone mwili unasemaje kabla ya kufikiria kingine. Hakuna siku viwili vitaingia pamoja.

Na ulisoma mwenyewe Kiingereza cha kile kikopo cha pili alichokuletea Kakule. Nilikuomba unisomee, na katikati ya mstari ukakisogeza karibu na macho. Vikopo viwili, umbo moja, kampuni moja, na cha pili kilikuwa nikotini.

"Mimi nilizania ni ladha ingine tu," ukasema.

Kakule naye alidhania hivyo. Aliyemuuzia hakujali. Hicho cha pili nimekizamisha, na sitaomba msamaha, maana nikotini inamshika mtu na haimwachii. Kule Bukavu mtu akikupa kifuko kwa mkono, bila kikopo, usikitie mdomoni hata kama ni rafiki yako wa chumba kimoja. Usichoweza kukisoma, usikionje.

Saa ya kukiweka ndiyo iliyonishinda mimi leo. Niliweka saa kumi ya alasiri, nikakitema kabla ya giza, na tazama niko wapi. Yule infirmier alisema kafeini inachukua saa nyingi kutoka mwilini. Kwa hiyo siku ya zamu lala kwanza mchana, hata usingizi mfupi, na kama ni lazima, kiweke mwanzo wa usiku, si karibu na mapambazuko, maana asubuhi utahitaji kulala na hutaweza, na hapo ndipo gurudumu linaanza kuzunguka kama langu lilivyozunguka. Usilale nacho mdomoni. Usikimeze. Usikiweke upande mmoja kila siku, ufizi una kumbukumbu, wangu bado unauma nikila nanasi. Ukikitoa kifunge kwenye karatasi ukitupe mahali ambapo mtoto wa mtu hataokota, kwa sababu kinanukia peremende.

Na moyo ukikimbia kama siku ile, ukausikia masikioni, au kifua kikibana, au ukaona kizunguzungu, kitoe hapohapo, kaa chini, mwambie mtu, na usipotulia nenda kwa daktari. Usicheke. Usiseme ni malaria. Na siku ukiwa na mimba, usinikasirikie, baba ana ruhusa ya kuwaza mbali, muulize daktari kabla ya kugusa hata kahawa nyingi. Ukiona umeanza kuumwa kichwa siku usipokiweka, ujue kimeanza kukuzoea. Punguza polepole, usikate ghafla kama nilivyokata mimi baada ya ajali. Niliumwa kichwa siku kadhaa nikadhani ni adhabu ya Mungu, kumbe ni kahawa tu inadai kurudi.

Nimeandika mengi kama mhubiri, nami niliapa sitahubiri. Nisamehe. Ni kifuko chako kinachoongea.

Lakini yote hayo ni ya pembeni, na ningeweza kuyaandika kwenye kipande cha karatasi nikubandikie begini. Kilichonikalisha hapa ni ulivyosema, "Itanisaidia nibakie macho." Najua utakuwa na mama mmoja mbele yako, anasukuma, hana nguvu tena, na mtoto yuko njiani, na wote wawili wanategemea mikono yako. Utakuwa umebaki macho. Mimi pia nilikuwa nimebaki macho pale Kibati. Kifuko kinafungua macho, Masika, lakini hakizungumzi na shoferi. Hakikuulizi kitu. Hakikutazami kwa pembeni kuona kama unadanganya.

Kwa hiyo tafuta mtu wa kabini. Katika kila zamu chagua mmoja, awe mwanafunzi mwenzako, awe mama mfagizi, na mpatane kwamba ataongea na wewe na kukuuliza, na wewe utamjibu ukweli. Na ukimwambia umechoka, akuitie mkubwa wenu ashike kazi. Hakuna aibu hapo. Aibu naijua mimi, ina harufu ya samaki.

Nilipokuwa naandika mstari huo mama yako ameamka. Nimesikia mguu wake kwanza, ule mzito kisha ule mwepesi, na mwenyewe amesimama mlangoni na kitenge mabegani.

"Papa Masika, uko unaandikia nani saa hii?"

"Niko naandikia mutoto."

"Mutoto analala mu chumba ya pembeni, na weye unamuandikia barua?"

"Kuko maneno haitoke mu kinywa."

Akaja, akavuta kiti, akasoma. Unajua anavyosoma, midomo inacheza, polepole, kidole chini ya mstari. Alipofika pale Kibati akaacha kidole pale muda mrefu. Nilidhani atalia, au atanigombeza kwa kuandika habari za mguu wake. Akasema tu, "Hukuandika kama nilikuuliza mara mbili."

Ni kweli. Aliniuliza mara mbili. Mara ya pili nilijifanya sikusikia, maana kama ningejibu ingebidi nijiulize. Naongeza hapa kwa sababu yeye ameamuru, na kwa sababu ndiyo sehemu ninayoiona aibu kuliko zote.

Nikamwuliza kama ana neno la kukuambia. Akafikiri, akaanza kupiga miayo, akasema: "Umuambie, usiku kama hana mutu wa kuongea naye, atupigie. Miye njo nitaikala kabini. Na atanijibu ya kweli."

Akarudi kulala. Simu, amesema, itakaa upande wake wa kitanda, kwa sababu mimi nikilala hata volkano hainiamshi. Na sasa ninahisi miayo inakuja na kwangu, dawa yako imeishiwa nguvu, herufi zinaanza kunikimbia. Nitaiweka barua hii chini ya kikopo, kwenye mfuko wa pembeni, ili mkono ukikitafuta ukutane nayo kwanza.

Ninakupenda, Masika. Sikukuambia pale kwenye benchi kwa sababu kulikuwa na wateja. Nakuambia hapa.

Nenda salama, ukapokee watoto wa watu kwa mikono isiyotetemeka. Ila nakuomba jambo moja tu, na hili si ushauri, ni ombi la mtu aliyewahi kukosea jibu. Usiku ukipiga simu, mama yako atakuuliza lile swali lake. Usimwambie, "Hapana mama, niko na kifuko."

Kama unasikia usingizi, mwambie ndiyo.

Papa yako